Duara Lenye Mtu Ndani

Wiki iliyopita mume wangu aliniita kutoka jikoni akanionyesha video kwenye simu yake. Mtu asiyeonekana alikuwa ameelekeza kamera angani, akaivuta nyota moja karibu, karibu zaidi, mpaka ile nukta ikavimba ikawa duara kubwa la bluu na nyeupe, linachezacheza kama kiini cha yai ndani ya maji. "Ona," akasema kwa furaha ya mtu aliyegundua siri, "kumbe nyota nayo ni mviringo! Inaonekana waziwazi." Nikamwambia hapana, hiyo ni kamera ambayo haijalenga vizuri, ikilenga sawasawa, duara hilo litarudi kuwa nukta. Akaniuliza nimejuaje, mimi niliyesomea ushonaji. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikashindwa. Nikarudi jikoni nikakuta sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, imeanza kushika chini ya sufuria, na nilipokuwa naikoroga nikajikuta nina miaka saba tena, nimepanda juu ya kreti ya soda huko Nyamitanga, jicho moja nimelifumba, nikimpigia bibi yangu kelele asiondoke.

Tuliokua Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tunafahamiana kwa vitu ambavyo kila mmoja wetu aliviacha nyuma. Wengine waliacha ng'ombe, wengine baba, wengine darasa zima la wenzao. Mimi nilimwacha Koko, mama yake Mama; ndivyo kwetu Kivu ya Kusini tunavyomwita bibi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na nyumba yetu ya kule milimani ilikuwa na watu watatu tu: Koko, Mama na mimi. Siku tulipoondoka, jua lilikuwa limekwisha kuzama na kijiji kizima kilikuwa kinateremka bondeni kimyakimya, watu na magodoro na kuku. Koko alikataa kuja. Alisema magoti yake hayatafika hata mtoni, na kwamba atakayemtaka mwanamke mzee kama yeye basi na aje. Alisimama mlangoni ameshika taa ya mafuta, akatuambia hataingia ndani mpaka tuvuke.

Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama, kwa hiyo yeye alitazama njia, mimi nikatazama nyuma. Niliona ile taa ikipanda juu kila tulivyozidi kushuka. Ikawa ndogo kama punje ya mahindi, kisha kama punje ya ulezi. Mlima ulikuwa mweusi na mbingu nyeusi, mpaka wa mlima na mbingu ukapotea, na nyota zilikuwa zimejaa. Nilipepesa macho mara moja tu. Nilipoyafungua sikujua tena ipi ni taa na ipi ni nyota.

"Mama," nikauliza, "Koko iko wapi?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anavuka mawe, maji yanamfika magotini. "Iko kule juu," akasema. "Anatuangaria."

Alimaanisha mlimani. Mimi nikaelewa vingine, na nikaendelea kuelewa vingine kwa miaka miwili.

Huko Misiera, kijiji cha ndani ya Nakivale, tulipata chumba kimoja cha udongo nyuma ya safu ya maduka. Mama alianza kwa kuuza ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa, kisha akaongeza vipande vya kitenge. Harufu ya ndagala ilikaa kwenye nguo zetu na kwenye nywele zetu, na sikumbuki kama iliwahi kunikera. Kila magharibi, wakati wanawake wanafunga bidhaa zao na moshi wa mkaa unapanda kutoka kila mlango, mimi nilikuwa natoka nje na kutazama upande ambao Mama alikuwa akinyoosha kidole ninapomuuliza nyumbani ni wapi. Palikuwa na nyota chini kidogo, juu ya vilima, ya rangi ya manjano, inayotikisika kama utambi unaopigwa na upepo. Ile nikaichagua. Au labda niseme ile niliitambua, maana sikuwa na shaka hata kidogo. Ndiyo taa ya Koko. Hajaingia ndani bado kwa sababu hajajua kama tumevuka.

Kwa hiyo nikawa namweleza. "Koko, tumeshavuka. Tumefika. Leo tumekula bugali na mboga ya lengalenga. Mama ameuza vitenge viwili." Nilimwambia kuhusu jirani yetu Mrundi aliyekuwa na mbuzi mwenye pembe moja, na kuhusu shule, ambapo mwalimu alikuwa anasema Kiingereza na sisi tunaitikia tu. Leo najua haikuwa nyota moja. Miezi ilipogeuka ile ya kwanza lazima ilizama na nyingine ikashika nafasi yake, na mimi sikutambua. Kwangu ilitosha kwamba upande ule kuna mwanga unaotikisika.

Kisha ikaja ile simu.

Ilikuwa mchana. Mama alikuwa amechuchumaa anageuza ndagala kwenye turubai, simu ikalia, akaiweka sikioni kwa bega huku mikono inaendelea kufanya kazi. Alikuwa mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa amebaki upande ule. Nikaona mikono ya Mama inasimama. "Amezimika?" akasema. "Lini? Nani alikuwa naye?" Akasikiliza muda mrefu. Halafu akakaa chini, si kwenye kigoda bali chini kabisa, juu ya samaki.

"Nani amezimika?" nikauliza.

"Koko..." akaanza, kisha akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu ghafla. "Acha. Ni mambo ya bakubwa."

Kwa mtoto wa miaka saba kinachozimika ni taa. Nilingoja magharibi kwa hofu ambayo hata leo naweza kuionja. Nilipotoka nje, nyota ilikuwa pale, inawaka, inatikisika kama siku zote. Mjomba alikuwa amesema bongo, yaani uongo, au alikuwa amekosea. Nikakimbilia ndani kumwambia Mama. Nikamkuta amelala amejifunika kitenge mpaka kichwani, uso umeelekea ukutani.

"Mama."

"Lala, Faida."

"Mama, mi niko na neno."

"Kesho."

Kesho yake hakuzungumza. Siku ya tatu alinifungia nguo zangu kwenye mfuko, akanipeleka mjini Mbarara.

Alinipeleka mtaa wa Kakoba, kwa Mama Peace. Huyu alikuwa mwanamke wa Kinyankole mwenye sauti nene na moyo mwepesi, mteja wa Mama wa vitenge ambaye kidogo kidogo alikuwa amegeuka rafiki. Mume wake alikuwa sajini jeshini. Nyumba za kambi ya jeshi zilikuwa zimejaa, ndiyo maana walipanga vyumba viwili Kakoba, na sajini alikwenda kambini kila asubuhi na kurudi jioni. Watu wote walimwita Afande, hata mke wake alimwita Afande, hata wakati wanagombana.

Mama alinywa chai ya maziwa iliyowekwa mbele yake, akazungumza chumbani na Mama Peace mlango ukiwa umefungwa, akatoka, akanishika kichwa. "Ni vakansi," akaniambia. "Utakaa hapa kidogo, utacheza na Peace. Uheshimu batu." Kisha akaondoka upesi katikati ya bodaboda na wauza ndizi, na hakugeuka kunitazama hata mara moja. Nikaamini kwamba ninaadhibiwa kwa kusikiliza simu ya wakubwa.

Sikuteswa pale, nisije nikadanganya. Peace alikuwa na miaka kumi au kumi na moja, anasoma shule ya masista kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na alinichukua kama mdoli aliyeletewa. Alinisuka, alinifundisha kuhesabu kwa Kiingereza, alinipa nusu ya kitanda chake. Mama Peace alinipa matoke mpaka tumbo likauma. Lakini pale Kakoba nyumba zilibanana, paa limegusa paa, na upande wa magharibi, upande wa nyumbani, kulikuwa na ghorofa. Sikuiona nyota yangu. Siku ya nne au ya tano Afande alinikuta nimepanda juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba, nimenyoosha shingo.

"Wewe mutoto!" akapaza sauti. "Shuka hapo. Utavunja mguu, mimi nitaambia mama yako nini?"

Nikashuka. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kitu kilicho mbali.

Hapo uso wake ukabadilika, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Afande alikuwa kwenye kikosi cha mizinga, na kazi yake, kama alivyopenda kueleza, ilikuwa kuangalia mbali kwa niaba ya wengine. Akavuta kigoda, akakaa, akanionyesha kwa ngumi mbili jinsi darubini inavyoshikwa.

"Hii darubini, ukiweka kwa jicho, kitu ya mbali inakuja hapa." Akagusa pua yangu. "Mutu iko kwa kilima ile, wewe unaona kama sindano. Mimi naona kofia yake. Naona anacheka ama anakasirika."

"Na kama ameshika taa?"

"Taa ndiyo rahisi kabisa! Naona taa, naona mukono, naona pete kwa kidole."

"Hata kama ni mbali sana? Hata Congo?"

Afande akacheka. "Tafuta darubini kubwa tu. Kubwa inaona kila kitu."

Peace, aliyekuwa anafua soksi zake karibu yetu, akasema Sista wa fizikia shuleni kwao anayo kubwa, nene kama pipa, na kwamba Jumamosi jioni huwaruhusu watoto kuangalia, hata wakati wa likizo, kama mbingu ni safi. Nikamshika Afande mkono. Sikumwachia mpaka akaniahidi. Sikumwambia sababu, kwa maana nilikuwa na mpango: kwanza nione kwa macho yangu Koko amesimama na taa yake, kisha nirudi Misiera nimwambie Mama ainuke kitandani, mjomba amekosea.

Jumamosi ile Afande aliazima pikipiki ya jirani. Alinikalisha mbele kwenye tangi, Peace nyuma, tukavuka daraja la Rwizi giza linaanza kuingia. Uwanja wa shule ulikuwa na nyasi fupi na watoto kama kumi hivi. Sista alikuwa mwembamba, amevaa sweta juu ya kanzu yake, na Kiswahili chake kilikuwa laini kwa sababu alikuwa amesomea Tanzania miaka mingi. Darubini haikufanana na ile ya ngumi mbili za Afande. Lilikuwa bomba nene la rangi ya bluu lililoinuliwa mdomo juu kama kinu, na hukuangalia kwa chini. Uliangalia kwa ubavuni, karibu na mdomo, ndiyo maana sisi wadogo tuliwekewa kreti ya soda.

Kwanza alituonyesha sayari moja iliyokuwa juu kabisa. Aliiita Jupita. Zamu yangu ilipofika nilipanda, nikaweka jicho, na pumzi ikanikatika. Kwa macho matupu ilikuwa nyota tu kama nyota nyingine, lakini pale ndani ilikuwa kisahani, duara kamili la rangi ya chai ya maziwa, lenye mistari miwili, na pembeni yake vidoti vinne vimejipanga. Basi ni kweli! Afande hakudanganya. Kama hii imekuwa sahani, ya kwangu itakuwa nini?

"Sista," nikasema, "nataka ile." Nikanyoosha kidole magharibi, juu ya miti, ilipokuwa inatikisika.

Watoto wakaguna, maana ilikuwa nyota ya kawaida. Sista hakukataa. Alilizungusha lile bomba taratibu, akachungulia, akatoa kioo kidogo cha kuangalizia akaweka kingine. "Hiki kinakuza zaidi," akasema. "Angalia, binti, halafu nitakurekebishia."

Nikaangalia kabla hajarekebisha.

Niliona duara la mwanga. Si kisahani kidogo kama kile cha kwanza. Hili lilijaa jicho lote, linang'aa, linapumua kama kioo cha taa ambayo imewashwa sasa hivi. Na katikati ya mwanga ule alisimama mtu. Mweusi, mdogo, wa mviringo kama mwanamke aliyejitanda shuka, na mikono yake myembamba ameinyoosha huku na huku kama anayeshika miimo ya mlango. Hakuonekana uso, kwa sababu mwanga ulikuwa nyuma yake.

"Koko," nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa. Sista hakusikia. Aliweka vidole kwenye kile kitufe cha kando, akazungusha, na duara likaanza kupungua. Likamkaribia yule mtu kutoka pande zote, likamfunika, likawa kama sarafu, kama punje ya mahindi, kama punje ya ulezi, kisha nukta kali isiyo na chochote ndani yake.

Nilipiga kelele ambazo Peace alinitania nazo kwa miaka mingi baadaye. "Usimutoshe! Rudisha! Rudisha Koko! Ametoka, rudisha!" Nililishika lile bomba kwa mikono miwili, na Afande akaja mbio kunishika kiunoni ili nisianguke nalo.

Sista mwingine angenitoa pale. Huyu aliwaambia watoto wengine waende wakanywe chai, akabaki na sisi watatu. Akachungulia mwenyewe, akazungusha kitufe huku na huku, akaelewa nimeona nini, lakini hakuelewa kwa nini. "Nieleze," akasema. Nikamweleza yote huku kamasi zinanitoka: mlango, mto, taa, mjomba aliyesema Koko amezimika wakati mimi kila jioni naiona taa inawaka, na Mama ambaye hainuki.

Afande aliyekuwa amenishika kiunoni nilimsikia akishusha pumzi. Sista alimtazama. Yeye akatazama chini.

Nimefikiri sana kuhusu dakika ile. Sista angeweza kuzungusha kitufe, akaniachia lile duara, nikamtazama Koko wangu mpaka niridhike, tukarudi nyumbani wote tukiwa na amani. Ingemgharimu nini? Badala yake alilirudisha duara, akaniambia niangalie vizuri, kisha akamwambia Peace asogeze mkono mbele ya mdomo wa bomba.

Ndani ya mwanga ule, mbele ya mtu wangu, kukaingia vidole vitano vyeusi.

"Huo ni mkono wa nani?" Sista akauliza.

"Wa Peace."

"Peace yuko kule kwenye nyota?"

Nikamtazama Peace.

"Yuko hapa, kando yako. Kumbe unachokiona ndani ya duara ni vitu vya hapa. Hicho cheusi cha katikati ni kioo kidogo kilicho humu ndani ya bomba, na ile mikono ni vyuma vinavyokishikilia. Njoo uvione." Akaniinua, akamulika kwa simu yake, nikaviona: kioo kidogo, na vyuma vinne vyembamba. "Nyota ikionekana kubwa kwa darubini yangu, ujue nimekosea kulenga. Nikilenga sawasawa inakuwa nukta. Nikiongeza nguvu, nukta. Sayari ziko karibu, ndiyo maana tunaona uduara wake. Nyota ni kubwa kuliko sayari zote, ni moto mtupu kama jua, lakini ziko mbali kiasi ambacho darubini yangu haiwezi kufanya chochote."

Nimesoma baadaye kwamba iko mitambo mikubwa duniani ambayo imeweza kuzionyesha nyota chache mno, zile majitu, kama vijiduara vyenye ukungu. Sista labda alijua hilo. Hakunipa hata hiyo nafasi ndogo, na leo nafikiri alifanya vizuri.

"Ni mbali kupita Congo?" nikauliza.

"Mbali kupita Congo."

"Mutu hawezi kukaa kule?"

"Hawezi, binti."

Nikafikiri. Nikaona jambo ambalo wao wawili walikuwa wameshaliona kabla yangu. "Basi Koko iko wapi?"

Sista hakunidanganya, na hakunijibu. Alivua sweta lake akanivika, mikono ikaning'inia mpaka magotini, akamwambia Afande kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto ana mama?"

"Iko naye," Afande akasema.

Usiku ule, kabla hatujala, nilimsikia Afande nje ya dirisha anapiga simu. Alikuwa anazungumza taratibu, kama mtu anayetembea gizani. "Mama Faida, usiogope, mutoto iko mzima. Lakini kuja. Kesho kuja. Ameuliza neno, na hii neno si yangu ya kusema." Alipoingia ndani alichuchumaa mbele yangu, yule mtu mkubwa, magwanda yanabana magoti. "Mimi nilikosea," akasema. "Nilisema darubini inaona kila kitu. Haioni." Mama Peace akasema, "Bambi," neno lao la kumhurumia mtu, akageukia jiko kupakua chakula.

Mama alifika kesho yake kabla ya saa sita. Alikuwa amekonda. Alipoinama kunikumbatia, kitambaa chake kilisogea nikaona kichwa kimenyolewa, cheupe kwenye kisogo kama cha mtoto mchanga. Mama Peace alimchukua Peace nje, wakatuachia chumba. Tukakaa kitandani.

"Afande amenielezea," Mama akasema. "Uliona nini mu ile mashini?"

"Niliona Koko. Lakini haikuwa Koko. Ni kivuli ya kioo." Nikamgeukia. "Mama, Koko iko wapi?"

Mama alikunja kona ya kitenge chake, akaikunjua. "Koko alikufa, Faida. Aligonjwa siku ine tu. Njo ile siku ya telefone."

"Njo kusema kuzimika?"

"Njo kusema vile."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Nje bodaboda zilipita, moja, nyingine. "Nilikuwa nakusikia," akasema. "Kila magharibi unasimama pale inje, unamwambia tumekula nini, tumeuza nini. Mi niko ndani, nasikia yote. Nikasema, nikimwambia huyu mutoto, atanyamaza. Na mimi niko na sauti gani ingine mu ile nyumba? Kisha nikashindwa kukuangaria. Njo maana nilikuleta huku, nilie fasi hutaona."

Hapo ndipo nilijua sikuwa nimeadhibiwa. Nililia kwa sababu ya Koko, na nililia pia kwa sababu hiyo nyingine, na sikuweza kuvitenganisha. Mama naye akalia, kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, mpaka majirani wa Kakoba wakasimama mlangoni na Mama Peace akawaeleza kwa Kinyankole kwamba ni msiba.

Jioni ile tulirudi Misiera, na Mama akafanya kilio kama inavyopaswa, ingawa maiti ilikuwa imeshazikwa mbali. Alikuwa amenyoa nywele na kuomboleza peke yake kimya kwa siku zote zile, na hakuna jirani aliyejua. Sasa walikuja. Walitandika mikeka nje, wakaleta unga wa muhogo na kuni, wakaimba nyimbo za kanisani kwa Kibembe na Kifuliru na Kiswahili. Yule Mrundi wa mbuzi alikaa nasi siku tatu. Siku ya pili pikipiki ilisimama, akashuka Afande bila sare, amefunga nyuma nusu gunia la posho, unga wa mahindi. Akakaa na wanaume, akala alichopewa.

Jioni ya mwisho ni desturi watu kumsimulia marehemu. Mama mmoja mzee, aliyekuwa ametoka milima ileile, akasema mjukuu naye aseme, kwa sababu amelala mgongoni mwa Koko kuliko mtu yeyote. Wakanisimamisha katikati. Nikafungua mdomo, nikamtafuta Koko ndani ya kichwa changu, na sikumpata. Nilipata mlango. Nilipata mwanga na shuka lake. Uso haukuwepo. Nikatafuta tena, nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni, mbele ya watu wote wale.

"Mama," nikanong'ona, "nimesahau sura yake."

Nilidhani atanikemea. Mama alisogea kwenye mkeka, akavua kitambaa kichwani, akanivuta chini tukakaa magoti kwa magoti.

"Angaria," akasema. "Hii paji ya uso ni ya Koko. Hii pua, hivi ilivyo pana, ni yake kabisa, walikuwa wananicheka nayo ku masomo. Hapa mashavu ni ya baba yangu, usiangarie hapo." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. "Midomo ni ya Koko. Macho, nikilia, njo ya Koko. Usiogope. Angaria mpaka ushibe."

Nikamshika mashavu kwa mikono miwili nikamsogeza karibu. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta. Nikaanza na paji la uso.